Kwa Kina Eliufoo

Mpanda,
15 Septemba 2023

Mwanangu mpendwa Stella,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi ni mzima, kasoro masikio tu, ambayo sasa yamekataa kabisa kuelewana na simu. Juzi ulipopiga nilipata maneno mawili, "baba" na "ng'ombe", mengine yote yalikuwa upepo. Kwa hiyo nimeonelea turudi kwenye barua kama ulipokuwa bweni. Jirani yetu Rachel anakusalimu. Anasema tangu uondoke kuku wako wananisumbua kuliko wanafunzi wangu wote wa darasa la tano.

Nimefurahi kusikia umepata chumba Rau, na kwamba kazi ya kutibu ng'ombe wa wanachama wa ushirika itakupeleka kwenye vijiji vya mlimani. Hapo ndipo penye ombi langu.

Unajua mimi ni Mchagga wa jina. Nimezaliwa hapa Mpanda, nimekulia hapa, nimefundisha hapa hadi nimestaafu. Babu yako alikuja kijana kuchimba madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa akabaki akilima. Hakurudi kwao hata siku moja. Tukimuuliza kwetu ni wapi, alisema, "Huko juu, Marangu," kisha anachukua jembe anaondoka. Ukoo hakututajia. Jina lake unalijua, Mathew Eliufoo, nasi tukachukulia kwamba Eliufoo ndiye baba yake.

Bibi yako Justina ndiye aliyekuwa akilegea kidogo. Aliniambia nyuma ya migomba ya kina babu yako kulipita mfongo, ule mfereji wa maji wa kienyeji, na kwamba Jumapili asubuhi kengele ya Walutheri ilisikika upande mmoja na ya Wakatoliki upande wa pili.

Nikiwa msibani mtu akiniuliza, "Mwalimu, kwenu hasa ni wapi?" naitaja Marangu kama mtu anayetaja mji aliousikia redioni. Ningependa kupaona miguu ikiwa bado inanibeba. Sitaki kitu chochote huko, mama. Nataka kupaona tu. Ukipata nafasi, niulizie.

Wako baba,
Daniel


Rau, Moshi,
8 Oktoba 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Ni matumaini yangu hujambo na masikio hayakusumbui sana. Mimi naendelea vizuri. Hapa Rau ni pazuri, kuna miti mingi na msitu uko karibu, ila mbu wake wana hasira.

Nimeulizia, baba. Nimefika Marangu mara kadhaa, kila nikimaliza kutibu ng'ombe nauliza. Kila ninayemuuliza ananirudishia swali: "Ukoo gani?" Nikisema sijui, wananitazama kama nimetoka bila viatu. Mzee mmoja wa kanisa alicheka, akaniambia, "Binti, kumtafuta Eliufoo Marangu ni kama kumtafuta Juma Tanga." Hata hivyo alikaa akanitajia kina Eliufoo wote anaowakumbuka pamoja na watoto wao. Hakuna hata mmoja aliyezaa Mathew.

Mwenzangu kazini, Hilda, ambaye ni mwenyeji wa huko, ameliwazia sana jina hilo. Anasema majina kama Eliufoo ni ya Walutheri, na watu wa umri wa babu hawakuchanganya mambo ya kanisa hata kidogo. Iweje Eliufoo ambaye ni Mlutheri awe na mtoto aliyekuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi? Nimeshindwa kumjibu. Wewe una jibu?

Mwanao,
Stella


Mpanda,
30 Oktoba 2023

Mwanangu Stella,

Marahaba. Hatujambo, mvua za kwanza zimeanza na nimeshatifua jaruba la mpunga.

Jibu la Hilda sina. Ila nimelala na swali lake nikaamka na wazo. Sisi tumekuwa tukimtafuta baba tu. Mama naye si alitoka kwa watu? Alipokuwa akiugua alimtaja sana mdogo wake wa kiume aliyekuwa akimbeba mgongoni, Ildefonce. Nililishika kwa sababu lilinishinda kulitamka. Nadhani kwao kulikuwa upande wa Kilema, kunakopakana na Marangu. Ulizia huko. Usipopata, basi, usijitese. Fanya kazi yako na ule vizuri.

Baba yako


Rau, Moshi,
21 Januari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Nisamehe kwa kimya kirefu, likizo za wenzangu zote ziliniangukia mimi. Naomba ukae chini kwanza ndipo usome.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kilema, ng'ombe ameshindwa kuzaa. Nilikuta ndama amekunja mguu mmoja nyuma, na mama mtu amechoka hata kusimama hataki. Mwenye ng'ombe alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, akimshika ng'ombe kichwa na kumbembeleza kwa Kichagga muda wote niliokuwa nimeingiza mkono. Ndama alitoka mzima, jike. Mzee alifurahi mpaka akavua kofia. Wakanipa maji ya kunawa na bakuli la mtori wa ndizi na nyama, na nilipotaka kumwandika kwenye simu yangu nikamuuliza jina.

"Ildefonce," akasema.

Baba, kijiko kilinidondoka. Nilikuwa nimeshakutana na kina Ildefonce wengine huko, na kila mmoja aliniambia hana dada aliyepotea. Nikamuuliza huyu kama alikuwa na dada anayeitwa Justina.

Alivaa tena kofia yake. Kisha akaniuliza, "Nani amekuambia jina hilo? Hapa nyumbani halitajwi."

Nikamwambia ndiye bibi yangu, na kwamba alimtaja yeye mpaka siku zake za mwisho. Mzee alilia, baba, mbele ya wajukuu zake wote, bila kujificha. Alipotulia nikamtaja babu Mathew. Akatikisa kichwa. "Mathew simjui. Dada yangu aliondoka na kijana wa ng'ambo ya mto, Mlutheri. Kwao walimkataza, na sisi tukamkataza dada. Siku moja tukaamka hawapo wote wawili. Huyo kijana aliitwa Eliufoo."

Unaona, baba? Hatukuwa tukimtafuta mtoto wa Eliufoo. Babu mwenyewe ndiye Eliufoo. Alipogeuka Mkatoliki kwa ajili ya bibi akabatizwa Mathew, na lile jina la nyumbani hakulitupa, alilisogeza nyuma tu.

Mjomba wako anauliza utakuja lini. Ndama amemwita Stella, sijui nishukuru au nikasirike.

Mwanao


Mpanda,
18 Februari 2024

Mwanangu Stella,

Marahaba, na hujambo. Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi Rachel akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nimepata mjomba.

Kumbe nilikuwa na jibu siku zote. Mama alikuwa mpole, lakini baba akimuudhi, akichelewa kwenye pombe au akikanyaga na matope ndani, alisimama mlangoni akaita, "Eliufoo!" Na baba alikuja upesi. Sisi watoto tulidhani anamshitaki kwa marehemu babu yetu. Tulicheka sana uani, tukisema mama anaita mizimu. Nimecheka tena jana peke yangu, na baada ya kucheka nikafuta macho.

Jambo moja limenigusa. Kumbe waliondoka kwa sababu ya kupendana. Mimi maisha yangu yote nilifikiri baba alitoroka ugomvi, au kosa fulani la aibu, ndiyo maana nilikuwa naogopa kuuliza kwa nguvu.

Msalimie sana mjomba. Sasa vuka huo mto unionee kwao baba. Jitambulishe kwa heshima, usiende mikono mitupu. Nunua sukari na majani ya chai.

Wako baba


Rau, Moshi,
10 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya ila moyo haujakaa sawa.

Nilimwomba babu Ildefonce anisindikize, akakataa. Alinionyesha njia akasimama upande wake wa daraja. Kumbe tangu bibi na babu waondoke, nyumba hizi mbili hazijawahi kula pamoja. Wanasalimiana sokoni na misibani, basi. Kila upande unasema ule mwingine ndio uliomwibia mtoto.

Nyumba niliipata, baba. Mfongo upo na unapitisha maji. Kihamba chao, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, kimejaa migomba na kahawa, kimetunzwa vizuri sana. Kinakaliwa na Hosea, mtoto wa kaka yake babu, kwa hiyo kwangu ni baba mdogo. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia, nikajieleza vizuri kama ulivyoniagiza. Hakuweka panga chini.

"Umetumwa na nani?"

"Na baba yangu."

"Anataka upande gani? Wa juu au wa chini?"

Sikumwelewa. Nikamwambia anataka kupaona tu. Akacheka bila furaha. "Huwa wanaanza hivyo. Leo anakuja kupaona, kesho anakuja na mjumbe, keshokutwa tuko baraza la ardhi. Binti, nina watoto ambao hata wao kihamba hiki hakiwatoshi. Huyo Eliufoo aliondoka kwa hiari yake. Mwambie baba yako apaone kwenye picha."

Mlangoni alikuwa amesimama bibi mmoja mzee sana, ameshika nguzo, ananitazama bila kupepesa. Baba mdogo akamwambia kwa Kichagga aingie ndani. Sukari na majani ya chai niliviacha juu ya kuni, nikaondoka. Nililia njiani mpaka Himo.

Nisamehe, baba. Nimekuletea habari hii badala ya ile uliyoisubiri.

Mwanao


Mpanda,
29 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Usilie. Na usimchukie Hosea. Ningekuwa mimi nimelima kipande changu miaka yote hiyo, halafu aje binti mwenye gari la ofisi aseme babu yake alizaliwa hapo, ningeshika panga vilevile. Ardhi yao huko ni ndogo, yetu huku ni pana. Ni rahisi mimi kuwa mkarimu.

Nimemwandikia mistari michache, imo humu. Nimemwambia hivi: "Ndugu yangu Hosea, mimi ni mwalimu mstaafu, nina mashamba yangu hapa Mpanda yananitosha. Sihitaji hata mgomba mmoja kwako. Baba yangu alikunyamazieni, na sisi alitunyamazia, akafa hivyo. Naona kunyamaza kumetosha. Kama hutaki nije, sitakuja, na sitakuwa na kinyongo. Ila nijulishe tu kama mko wazima." Mpelekee, au umpe mtu ampelekee. Baada ya hapo tumwache.

Kwangu mimi umeshanipatia kikubwa. Nimejua mama alitoka kwa nani na baba aliitwa nani. Nalala vizuri.

Baba


Rau, Moshi,
19 Mei 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba! Najua umesubiri. Masika ya mwaka huu yameharibu barabara za juu, nami karatasi yako nilimpa Hilda aifikishe, nikakaa bila kusikia lolote. Nilishakata tamaa.

Jumamosi iliyopita mvua inanyesha, nikasikia hodi. Nafungua, naona baba mdogo Hosea amelowa chapachapa, amebeba mkungu wa ndizi begani. Nyuma yake, chini ya mwavuli, yule bibi wa mlangoni. Ni Elisifa, baba. Ni dada yake babu wa tumbo moja, shangazi yako. Wameshuka kutoka juu huko kwenye mvua yote hiyo!

Hakusubiri hata kiti. "Geuka nikuone," akaniambia. Nikageuka. Akanishika mabega kama anayepima nguo. "Ndiyo hayo," akasema, "hayo ni ya Eliufoo. Siku ile ulipoondoka uani nilikuona mgongo, nikamwambia huyu, umemfukuza kaka yangu mara ya pili."

Baba mdogo alikuwa anatazama sakafu. Akatoa mfukoni jani refu la kijani limefungwa fundo. Ni sale, ule mmea wanaopanda kwenye mipaka. Mchagga akikukosea akakuletea sale, anakuomba yaishe. "Shangazi hajala kwangu tangu asomewe maneno ya mwalimu," akasema. "Anapikiwa kwa jirani. Kijiji kizima kinaniuliza nimemfanya nini mama wa watu. Nilikuwa na hofu, mwanangu. Mwambie kaka aje. Aje akae, asije kupaona tu." Bibi akanielekeza nilipokee kwa mikono miwili. Nikalipokea.

Tulipika zile ndizi, tukala wote watatu, na bibi akanihadithia. Wazee walimwambia babu achague kati ya kanisa la kwao na yule binti. Akasema ameshachagua. Bibi Elisifa alikuwa msichana, yuko jikoni, akakatazwa kutoka kumuaga. Anasema alimsikia akipita nyuma ya ukuta, akagonga ule ukuta kwa vidole, akaenda zake. Mpaka leo hajui kama alimgongea yeye au aliteleza tu.

Sale nimeliweka humu ndani ya bahasha. Limenyauka kidogo lakini ni lako. Nitachukua likizo mwishoni mwa Juni nije kukufuata, safari ya basi ni ndefu na wewe mwenyewe hulisikii tangazo la kituo. Unisubiri.

Mwanao mwenye furaha,
Stella


Mpanda,
24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo, ingawa leo sijui kama unastahili!

Nimesafiri siku mbili. Nimefika hapa nyumbani na miguu imevimba, nikakuta kufuli mlangoni na kuku wangu kwa Rachel. Namuuliza baba yuko wapi, ananiambia, "Mwalimu? Alipata barua yenye jani, akalitazama wiki nzima, halafu akanyoa ndevu akapanda basi." Nilimpigia baba mdogo Hosea papo hapo, na nilichosikia kwanza ni sauti yako nyuma ukipiga kelele kuuliza nani anapiga. Nilikaa chini kizingitini nikacheka mpaka Rachel naye akacheka.

Hivi tulipishana wapi? Singida? Nakuona na mfuko wako kwenye mgahawa upande mmoja wa barabara, mimi nakula chipsi upande wa pili.

Mpunga umeshavunwa, ghala liko salama. Nitakaa hapa likizo yangu yote nipumzike. Barua hii nampa kijana wa basi aifikishe ofisini kwa Hilda, naye akuletee. Niandikie kila kitu. Simu ya Hosea haitoshi, na yeye anajibu "wako vizuri" basi.

Mwanao


Marangu,
14 Julai 2024

Mwanangu mpendwa Stella,

Marahaba, na pole kwa safari. Ni kweli nilikosa kukutaarifu. Ila ningekusubiri ningeanza kufikiri, na ningefikiri sana nisingekuja. Hapa sote ni wazima. Baridi ni kali, asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni.

Hosea alinipokea pale Himo. Nilimjua kabla hajajitambulisha, kwa sababu anatembea kama baba, kidole gumba mfukoni. Hatukuambiana mengi. Alininyang'anya mfuko, mimi nikauvuta, yeye akauvuta, ndivyo tulivyosalimiana.

Nilimwomba anionyeshe nyumba aliyozaliwa baba. Akaona aibu kidogo, akanipeleka kwenye banda la ng'ombe. "Ilikuwa hapa, kaka. Ilianguka zamani, tukajengea juu." Nilisimama pale. Ng'ombe wawili walinitazama wakiendelea kutafuna. Nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni, mama, na haikuja. Ni pakavu, pana joto, kuna uhai ndani yake. Nimeridhika napo.

Shangazi Elisifa ananishika mkono popote tunapokwenda. Kwa kuwa sisikii, ananipigia kelele sikioni, na kwa kuwa sijui Kichagga, anapiga kelele mara mbili. Jumapili ya pili nilimwambia nakwenda kumwona mjomba Ildefonce ng'ambo. Akaifunga upya khanga yake. Hosea akasema, "Shangazi hajawahi kuvuka kwenda kwao." Yeye akamjibu, "Huyu ametoka Mpanda, mimi nitashindwa na kidaraja hicho?" Akatangulia yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkimbilia, Hosea nyuma yetu.

Mjomba alikuwa anachuma kahawa. Alipotuona alikwenda ndani akatoa viti viwili, akarudi tena akatoa cha tatu kwa ajili ya Hosea. Akamimina mbege, pombe yao ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi, kisha akampa shangazi. Shangazi alikishika muda mrefu. Halafu akanywa.

Wakaanza kuongea. Mwanzo polepole, baadaye wote kwa pamoja, mpaka wajukuu wakaja kusikiliza. Nilimvuta Hosea shati nimuulize wanasema nini, nikihofu wameanza kulaumiana. Akaniandikia kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu: "Wanabishana nani alikuwa mrefu, Eliufoo au Justina." Nikawaambia ni mama. Mama alimzidi baba kidogo, na baba hakupenda lisemwe. Mjomba alipiga paja akaruka kwenye kiti. Shangazi aliniita mwongo, akaniita hivyo jioni nzima.

Jumapili hii wao wamekuja kula huku. Imekuwa kama mazoea tayari, hakuna anayelizungumzia.

Najua utaniuliza nitarudi lini. Kahawa zimeanza kuiva na shangazi hataki mtu mwingine amshikie kikapu isipokuwa mimi, ingawa anasema nachuma na mbichi. Mpe Rachel wale kuku moja kwa moja, nao wameshamzoea. Na unapokuja, niletee lile koti langu la kijivu lililoning'inia nyuma ya mlango, pamoja na soksi zote nzito utakazozikuta. Sweta ninalovaa ni la Hosea, na naye anasikia baridi.

Wako baba,
Daniel